Baa nyuma ya ukuta wangu, muziki mpaka saa 9 usiku: nianzie ofisi gani?

binti_wa_karani

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya mtu aliyewahi kupambana na baa iliyo katikati ya makazi akafika nayo mahali. Nitaeleza kwa urefu ili anayejibu ajue anajibu nini.

Nakaa Dar, kwenye mojawapo ya yale maeneo ya viwanja vya miaka ya 70. Wenyeji mnayajua: Sinza, Kijitonyama, Mikocheni. Serikali ilipima viwanja kwa fedha za Benki ya Dunia, ikachonga barabara na kuvuta maji, watu wakagawiwa wajenge wenyewe. Baba yangu alikuwa karani bandarini. Alipata kiwanja, akakopa Benki ya Nyumba, akajenga vyumba vitatu vya nyuma kwanza, vya mbele vikafuata pesa ilipopatikana. Barua yake ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, ninayo mpaka leo, imekunjwa mara nne na kwenye mikunjo imeanza kukatika. Pale penye matumizi ya ardhi pameandikwa makazi. Kiwanja kilicho nyuma yetu ni cha kitalu hichohicho, namba zinafuatana, na mzee aliyekuwa nacho alikuwa na karatasi kama ya baba.

Mzee huyo alifariki, watoto wakapangisha. Mwaka 2019 ikafunguliwa grosari: friji moja, viti vinne vya plastiki na redio ndogo. Hakuna aliyelalamika, hata mimi nilikuwa namtuma mtoto soda pale. Mwaka uliofuata likaja banda la makuti na jiko la nyama choma. Kisha uzio wa upande wa barabara ukavunjwa magari yaingie. Kisha meza ya pool. Mwaka jana mwezi wa nne wakajenga jukwaa la DJ, na kwa kuwa mbele ni barabara, jukwaa wakaliegemeza kwenye ukuta wangu. Spika nne, mbili za besi zimekaa chini kwenye sakafu ya saruji. Ndiyo maana nikiulizwa "mlikuwa wapi wakati baa inajengwa" nakosa jibu. Hapakuwa na siku ambayo baa ilijengwa.

Muziki ni Alhamisi mpaka Jumapili. Unaanza saa 2 usiku unaisha saa 9, na mishahara ikitoka unafika saa 10. Ndani kwangu huwezi kujua unapigwa wimbo gani. Maneno hayafiki, inafika besi peke yake, tena haiji masikioni, inapanda kutoka sakafuni inaingia kitandani. Wiki iliyopita niliamka saa 7 na dakika 40 usiku nikaenda jikoni kunywa maji. Jagi lilikuwa mezani. Nikamulika na tochi ya simu, nikaona maji yanafanya duara dogo katikati, linatanuka mpaka ukingoni, linapotea, linakuja jingine, yakifuata mdundo. Mifuniko ya sufuria ilikuwa inagongana kabatini. Siku hizi kila Alhamisi jioni nikishaosha vyombo naweka kipande cha khanga kati ya kila sufuria na mfuniko wake, kama mtu anavyoshusha chandarua.

Humu ndani yupo mama yangu, miaka 81, ana presha. Yupo mjukuu wangu wa darasa la saba, mtihani wake ni mwezi wa tisa. Mwalimu wake aliniita shuleni akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama mtoto huwa namtuma biashara usiku, maana Ijumaa anasinzia kuanzia kipindi cha kwanza. Nilitoka pale nikasimama nje ya geti la shule kwa muda kabla sijaweza kutembea.

Bado sijataja wateja wanaojisaidia kwenye ukuta. Upande wangu plasta imeanza kubanduka kimo cha goti, na jua likipanda harufu inaingia chumbani kwa mama.

Nilianza kwa ujirani. Nilimfuata mwenye baa, akanisikiliza vizuri, jioni akaleta kreti la soda. Muziki ukapungua siku tatu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukakalishwa, akaahidi, wiki ikapita. Nikapiga polisi usiku, wakaja, sauti ikashuka, gari lilipoondoka ikapanda. Nikaandika barua na majirani 14 wakasaini. Kesho yake wawili wakaja kuomba majina yao yafutwe: mmoja amewapangisha stoo, mwingine mwanawe anauza chipsi pale mlangoni. Siwalaumu, wanakula hapo. Mtendaji akaipokea ile barua, akaniambia leseni ikishatoka hakuna wa kuitengua, labda nifungue kesi.

Swali langu ni hilo. Ni kweli leseni ikishatoka imetoka? Na kama si kweli, nianzie ofisi gani?

---

kaunta_ya_pili

Shikamoo mama. Pole. Mimi ni meneja wa baa, si hiyo yako, na sijaja kugombana.

Nikueleze mambo yalivyo upande wetu. Pesa ya baa iko kati ya saa 4 na saa 8 usiku. Kabla ya hapo mtu anakula nyama na soda, anaondoka. Kwa hiyo bosi akiombwa azime saa 5, anasikia ameombwa afunge. Nina wafanyakazi 11 na wote nauli yao inatoka kwenye hayo masaa. Ndiyo sababu ahadi ya mdomo haidumu siku tatu, hata kama mtu aliahidi kwa moyo.

Ila hilo la besi nakuambia kama fundi, maana nilianza kwa kufunga vyombo. Spika ya besi ikikaa kwenye saruji, sakafu yenyewe inageuka spika, na sakafu yao imeshikana na msingi wa ukuta wako. Usikubali wakuambie "tutageuza spika zitazame barabarani". Kugeuza kunasaidia sauti nyembamba. Besi haina uso, inakwenda pande zote. Dawa ni kuitoa ukutani, kuinyanyua juu ya kitu laini kama mpira mnene wa tairi, na kuikata kwenye mixer. Mabati na jipsamu havizuii besi, asije mtu akala pesa yenu kwa hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu, usidai ifungwe. Dai jukwaa lihame na besi ipungue saa 5. Hilo linawezekana kwa siku moja.

---

hamahama255

Mjini ndivyo kulivyo mama. Eneo limeshakuwa la biashara, kiwanja chako sasa kina bei. Uza, kajenge Kibaha, utalala usingizi wako.

---

binti_wa_karani

@kaunta_ya_pili marahaba mwanangu. Hili la mpira na saruji hakuna aliyewahi kunieleza, nimeliandika kwenye daftari.

@hamahama255 mama yangu kliniki yake iko dakika kumi kutoka hapa kwa bajaji. Baba amefia kwenye chumba ninacholala. Na nikiuza, atakayenunua naye atafungua baa, na jirani wa kulia kwangu ataanza kuweka khanga kwenye sufuria. Eneo haligeuki lenyewe kuwa la biashara, kuna mtu anatakiwa kuligeuza kwa karatasi. Hiyo karatasi ndiyo ninayoitafuta.

---

Mzee wa Ramani

Binti, umeuliza swali zuri na mtendaji amekupa jibu baya. Nimefanya kazi ya mipango miji halmashauri za mikoani kwa miaka 27, nimestaafu. Niruhusu nikae nalo kidogo.

Leseni ya vileo si hati ya nyumba. Inatolewa chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 na ni ya miezi sita. Moja inakwisha tarehe 31 Machi, nyingine tarehe 30 Septemba. Mara mbili kila mwaka mwenye baa anarudi dirishani kuomba upya, na mara mbili kila mwaka halmashauri ina nafasi ya kumkatalia au kumpa kwa masharti. Wananchi wengi wanapambana usiku wa Jumamosi, muziki unapopigwa, wakati ambapo hakuna ofisi iliyo wazi. Wakati wa kupambana ni Agosti na Februari, mchana, ukiwa na faili. Wewe umeandika mwezi wa nane. Hujachelewa.

Nenda kwa afisa biashara wa manispaa, uulize jambo moja: leseni ya kiwanja kile ni ya aina gani? Kuna leseni ya kuuza kinywaji kinywewe papo hapo, na kuna ya kuuza mteja aondoke nacho. Grosari nyingi zinaanza na hii ya pili kwa sababu ni nyepesi, kisha viti vinaongezeka, leseni inabaki ileile. Nimeyaona haya sijui mara ngapi. Kama ndivyo ilivyo kwako, basi hata kiti kimoja pale hakina kibali, achilia mbali DJ. Usiende kubishana. Omba kwa barua, ujibiwe kwa barua.

Dirisha la pili ni la mipango miji. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kiwanja cha makazi hakigeuki baa kwa kuweka makuti. Mwenye kiwanja anaomba mabadiliko ya matumizi, tangazo linawekwa, majirani wanapewa nafasi ya kusema, ndipo mamlaka ya upangaji inaamua. Kama hukuona tangazo kwenye kile kiwanja na hukuulizwa chochote, kuna uwezekano mkubwa kuwa maombi hayakufanyika. Peleka nakala ya ile barua ya toleo ya baba yako. Nakala, binti. Ile yenyewe iache nyumbani na uipigishe laminesheni, mikunjo hiyo itakuangusha siku ya kuihitaji.

Umesema jambo hukulitilia uzito, la maji kwenye jagi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kuna kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo. Neno mitetemo limo kwenye jina lake. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana ofisi za kanda, wanapokea malalamiko kutoka kwa mwananchi yeyote, wana vifaa vya kupima na wana uwezo wa kutoza faini na kufungia. Wamefungia baa na kumbi kwa ajili hiyohiyo, si jambo la kufikirika. Kipimo cha programu ya simu hakitakuwa ushahidi wao, ila kinawaambia waje saa ngapi. Kwa hiyo anza leo daftari lingine: tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipoisha, nani hakulala. Wiki nne mfululizo. Siku ambazo muziki haukupigwa nazo uandike, maana daftari lisilo na siku tulivu hakuna anayeliamini.

Nampinga kidogo kijana wa kaunta. Kuomba jukwaa lihame ni jambo jema na uliombe. Lakini usilifanye badala ya barua, lifanye pamoja na barua. Nimekaa upande wa pili wa meza, najua mwenye baa anahamisha jukwaa haraka zaidi akijua afisa biashara ana nakala.

Na katika barua usiandike "tunaomba baa ifungwe". Barua za hivyo tulikuwa tunazisoma kama ugomvi wa kibiashara, kila mwenye grosari alikuwa anamwandikia mwenzake. Andika kinachotokea na saa yake, halafu omba leseni isihuishwe mpaka ukaguzi wa matumizi ya kiwanja na kipimo cha kelele vifanyike. Nakala kwa mtendaji wa kata, diwani, afisa mazingira, NEMC. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na wewe ubaki na yenye muhuri.

---

mkaazi_nrb

Naandika kutoka Nairobi. Kwetu kanuni za kelele za mwaka 2009 zinasema usiku unaanza saa 2 na kuisha saa 12 asubuhi, na kwenye makazi kiwango cha usiku ni desibeli 35. Hicho ni kiwango cha watu kunong'onezana, hakuna baa yenye spika inayokaa chini yake. Mwishoni mwa 2022 serikali ya kaunti ikatangaza kwamba klabu za usiku hazitapewa leseni kwenye maeneo ya makazi. Jamaa zangu Kilimani walishangilia. Ninachoweza kukuambia ni kwamba tangazo lilisaidia pale ambapo wakaazi wenyewe walikuwa na chama na walifuatilia plot moja baada ya nyingine. Pale ambapo kila mtu alisubiri gavana, muziki uliendelea. Usibaki peke yako na hao kumi na wawili wakiwa majina tu kwenye karatasi, waite wakae kikao.

---

mtoto_wa_dampo

Dada, nimesoma mpaka mwisho na nimekumbuka nyumbani. Mimi nimekulia Tabata enzi za dampo. Wadogo hamjui, ila takataka za jiji zima zilikuwa zinamwagwa pale, zinachomwa, moshi unaingia ndani mchana na usiku. Mama yangu alikuwa anaanika nguo ndani.

Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu, kesi ya Joseph Kessy dhidi ya Halmashauri ya Jiji. Jiji likaamriwa kuacha, likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga. Jaji Lugakingira akakataa. Alishangazwa kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha watu, akaitaja ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Hao walikuwa wakazi wa kawaida dhidi ya jiji zima. Mtendaji aliyekuambia "labda ufungue kesi" alidhani anakutisha. Mwambie ilishafunguliwa, tena kabla yeye hajaajiriwa.

Lakini niseme na kilichofuata, kwa sababu kinanikera mpaka leo. Dampo likapelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa kule nao wakalazimika kwenda mahakamani, kesi ya Balegele na wenzake ya mwaka 1991. Sisi tulipumua, moshi ukahamia kwa watu wengine. Kwa hiyo huyo jirani wa kulia kwako uliyemtaja, nakuelewa sana.

---

binti_wa_karani

Narudi baada ya wiki saba. Mzee wa Ramani, shikamoo, nilifuata maneno yako moja baada ya jingine na ninadaiwa maelezo.

Afisa biashara alinizungusha mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa na barua mkononi na majirani wanne nyuma yangu, akamwita binti wa masijala, faili likatolewa. Leseni ni ya kuuza mteja aondoke na kinywaji. Imehuishwa hivyohivyo kila miezi sita tangu 2019. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikaisoma nakala yake mara tatu, maana nilidhani sijaelewa. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiambiwa "wana leseni".

Mipango miji walisema hakuna maombi ya mabadiliko ya matumizi kwenye kiwanja kile. Wamenipa hilo kwa maandishi, mistari miwili na muhuri. NEMC walikuja Ijumaa ya pili ya Septemba, saa 6 usiku, wakapimia kwanza getini, kisha chumbani kwa mama. Mama aliamka akawauliza kama wanataka chai.

Mjukuu alifanya mtihani. Wiki ile ya mtihani mwenye baa alizima muziki kabisa, siku zote, bila kuambiwa na ofisi yoyote. Nilikuwa nimemfuata tena na nikamweleza tarehe. Nasema hili kwa sababu ni haki yake lisemwe.

Tarehe 30 Septemba imepita. Leseni mpya hajapewa, ameambiwa kwanza ukaguzi, kisha aombe aina inayostahili na aanze na mabadiliko ya kiwanja, ambako na sisi tutaulizwa. Wakati huo huo anauza. Jukwaa limehama, liko upande wa jiko sasa, spika za besi zimewekwa juu ya tairi. @kaunta_ya_pili, tofauti ni kubwa mno, Mungu akubariki. Jumamosi iliyopita muziki ulizimwa saa 5 na dakika 20. Ila Jumapili ulifika saa 7, nimeandika.

Wale majirani wawili waliofuta majina, mmoja amerudi kusaini. Yule wa chipsi hajasaini na sitamwomba. Lakini mwanawe amehamisha meza yake kutoka mlangoni pa baa hadi kona ya barabara kuu, anasema wateja wa mchana ni wengi kuliko alivyodhani.

Sasa nina swali jipya kwa Mzee. Tangazo la mabadiliko ya matumizi likibandikwa, je, pingamizi letu liandikwe na kila nyumba peke yake au tuandike moja kwa pamoja? Tumekubaliana tukutane Jumapili saa 10 jioni uani kwangu, tutakuwa nyumba 13, na ningependa niwe na jibu kabla ya hapo.

---

Mzee wa Ramani

Marahaba binti. Andikeni yote mawili. Moja ya pamoja yenye mihtasari ya kikao na saini, na kila nyumba yake fupi, kwa mkono, ikitaja namba ya kiwanja na kinachoingia ndani ya nyumba hiyo. Ya kwako iweke jagi.